Jibini laini na matunda ya Dodoma: mwongozo kamili wa vitafunio vya kuanzia

Adui wa kitafunio cha jibini na tunda ni maji. Jibini likibaki na maji, mkate unalowa na kulegea kabla mgeni hajaunyanyua. Tikiti lisipokaushwa linaogelea kwenye sinia. Zabibu ikipakwa jibini huku bado ina matone, jibini linateleza na kudondokea nguo. Ukishajua kuyatoa maji kwenye jibini na kuyafuta kwenye tunda, kilichobaki ni kupanga tu, kazi ambayo hata mtoto wa darasa la tano ataifanya vizuri, pengine akuzidi.

Na kwa aliyeko Dodoma, hakuna sababu ya kuanzia supamaketi. Kile kikopo cha jibini la kupaka kilichosafiri kutoka Ulaya ni ghali, na ukiwa na wageni kumi na wawili kimoja hakitoshi. Mtindi upo kila mtaa. Zabibu zinatoka Hombolo, Makutupora, Mpunguzi na Bihawana. Asali inaletwa kutoka Manyoni na Singida, na mibuyu na mikwaju hukosi kuiona ukitoka tu nje ya mji. Karanga nazo zipo: pale Kongwa Waingereza walishindwa kuzilima kwa matrekta kati ya mwaka 1947 na 1951, lakini mkulima wa jembe hajawahi kuziacha.

Kitambaa kwanza

Vifaa ni vya kawaida: sufuria yenye kitako kizito, chujio, bakuli refu, mwiko, kisu kidogo chenye ncha. Chenye mambo ni kitambaa cha kuchujia. Chachi ya duka la dawa ina matundu makubwa, kwa hiyo ikunje mara nne. Kanga inafaa ikiwa imefuliwa mpaka haichuji rangi tena. Lakini kipande cha shuka jeupe la pamba lililochakaa kinavishinda vyote: nyuzi zake zimelegea kwa kufuliwa, maji yanapita, jibini halipiti. Kichemshe dakika kumi kwenye maji matupu, bila sabuni. Sabuni ya unga yenye manukato huacha harufu kwenye nyuzi, na maziwa huivuta harufu hiyo upesi. Utakuta jibini linanukia kama mashuka ya gesti.

Njia ya kwanza: jibini la mtindi

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza, kwa sababu haihitaji moto wala kipimo. Nunua mtindi mtupu, usio na sukari wala ladha ya vanila. Soma pakiti, maana zinafanana rangi. Onja kabla hujaanza: mtindi uliokuwa mkali kiasi cha kukukunja uso utakupa jibini kali, na ukali utazidi kadiri linavyoning'inia kwenye joto.

Mtindi wa kibuyu kutoka kwa wafugaji una utamu wake, ule wa moshi, lakini uliza kama maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba na binadamu washikwe homa zisizokatika, na pia kifua kikuu cha ng'ombe. Kuganda peke yake hakuviui vimelea hivyo kwa uhakika. Jibu likiwa la kusitasita, mshukuru muuzaji na utafute mwingine.

Weka chujio juu ya bakuli refu, kitako cha chujio kisikaribie chini, kwa sababu maji yatakayoshuka ni mengi. Lowesha kitambaa, kikamue, kitandike. Koroga lita moja ya mtindi na nusu kijiko cha chai cha chumvi, mimina, kusanya pembe nne za kitambaa na uzifunge fundo. Weka kwenye friji. Usikamue kwa mkono hata kama una haraka. Ukikamua, jibini lenyewe linapenya kwenye nyuzi na unabaki na bakuli la maziwa mazito na kitambaa kilichoziba.

Katika saa mbili za kwanza maji yanashuka kwa kasi, kisha yanapungua. Hapo ndipo wengi wanadhani kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba tabaka la jibini lililogusa kitambaa limekuwa zito na limeziba njia, wakati katikati bado ni uji. Fungua fundo, pitisha kijiko pembezoni, sukuma lililokauka liende katikati, funga tena. Maji yataanza upya.

Muda wa kuchuja unategemea unataka nini. Saa nne zinakupa jibini la kuchovya, zito kama mtindi mzito sana. Saa nane hadi kumi, yaani usiku mmoja, zinakupa la kupaka. Ukitaka la kuviringishwa kuwa vidonge, liache saa ishirini na nne, na juu yake weka sahani yenye kopo lililojaa maji kama uzito. Kupima ni rahisi: paka jibini kidogo kwenye tishu na usubiri dakika moja. Likichora duara pana la unyevu, bado. Likiacha alama nyembamba pembeni tu, liko tayari kukaa juu ya mkate.

Lita moja itakupa kati ya gramu 350 na 450, ikitegemea uzito wa mtindi wenyewe.

Asiye na friji asikate tamaa, ila afuate msimu. Juni na Julai, usiku wa Dodoma unapokuwa wa baridi ya kuvaa sweta, ning'iniza kitambaa jikoni kuanzia saa mbili usiku na ukishushe alfajiri. Oktoba na Novemba usijaribu hivyo. Chuja saa nne tu, upate la kuchovya, na liliwe siku hiyohiyo.

Njia ya pili: jibini la ndimu

Hili ni jibini la maziwa yaliyokatika kwa makusudi. Ni laini, halina ukali, na ndilo linalokubali kukatwa vipande ukiligandamiza. Utahitaji lita mbili za maziwa freshi na vijiko vitano hadi sita vya chakula vya maji ya ndimu au limao yaliyochujwa mbegu. Ukikosa, siki nyeupe vijiko vinne.

Maziwa ya boksi yaliyopitishwa kwenye moto mkali yanakatika pia, ila mabonge yake ni madogo na legelege, na mengine yanapotelea kwenye kitambaa. Kama ndiyo pekee uliyonayo, tumia kitambaa kizito na ukubali kupata kidogo. Yale yanayoletwa na bodaboda kwenye dumu yanaweza kuwa mazuri sana au yametiwa maji. Jibini halina siri: yakiwa na maji, mabonge yatakuwa machache na utajua muuzaji wako ni wa aina gani.

Pasha maziwa kwa moto wa wastani ukikoroga mpaka chini kabisa, yasishike. Mwenye kipimajoto alenge nyuzi 90. Asingoje 100, kwa sababu Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Atangoja mpaka sufuria ifurike. Asiye na kipimajoto aangalie povu: likianza kupanda kingo zote na katikati kutikisika, zima moto.

Mwaga maji ya ndimu kijiko kimoja kimoja, ukikoroga taratibu. Baada ya kijiko cha tatu utaona vipande vidogo kama punje za mchele. Endelea. Vipande vitashikana, na maji yaliyobaki yatageuka kutoka weupe wa maziwa kuwa rangi ya kijani-njano yenye uangavu. Ukifika hapo, acha kuongeza hata kama ndimu imebaki. Kilichozidi hakitakupa jibini zaidi, kitakupa uchachu tu. Yakikataa kukatika wakati vijiko vyote vimeisha, rudisha motoni dakika moja na uongeze kijiko kimoja. Ndimu hazilingani ukali, hasa zilizokaa juani mezani kwa muuzaji.

Funika dakika kumi, kisha mimina kwenye kitambaa. Kwa jibini la kupaka, liache lichuruzike dakika ishirini tu, lisikauke kabisa, halafu liponde na nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko viwili vya maziwa au krimu mpaka lilainike. Blenda inalifanya liwe kama hariri. Chujio la waya na mgongo wa kijiko vinafika hapohapo kwa jasho kidogo. Kwa jibini la kukata, tia chumvi, lifunge kwenye kitambaa kwa umbo la mraba, liweke kati ya sahani mbili na juu yake uzito wa kilo mbili (pakiti mbili za sukari zinatosha) kwa saa mbili, kisha friji.

La ndimu hukaa siku tatu kwenye friji, la mtindi hadi siku tano. Vyote viwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na vitunguu.

Matunda, na zaidi zabibu

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Nje ya miezi hiyo utaziona chache na za bei juu, au utauziwa za kutoka Afrika Kusini kwenye kiboksi. Nyekundu ya Makutupora ndiyo utakayokutana nayo zaidi barabarani: ngozi nene, rangi ya kukoza, utamu wenye uchachu nyuma yake. Uchachu huo ndio unaotufaa, kwa sababu jibini ni zito na linahitaji kitu cha kulikata.

Chagua kishada ambacho kikonyo chake bado ni kijani na kinapinda. Kikonyo cha kahawia kinachokatika kama kijiti kavu ni dalili ya kishada cha juzi. Ule unga mweupe mwembamba unaofutika kwa kidole ni wa asili. Lakini wakulima hunyunyiza salfa na dawa nyingine kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, kwa hiyo osha kwa maji yanayotiririka, ukizungusha kishada mkononi, na si kuzamisha tu kwenye beseni. Osha kikiwa kizima, kisha ndipo uchume punje moja moja. Ukichuma kwanza, maji yanaingia kwenye kitundu cha kikonyo na punje inaanza kuoza kutoka hapo. Tandaza juu ya taulo kavu. Hewa kavu ya Dodoma itakufanyia kazi iliyobaki kwa nusu saa.

Sasa mbegu. Zabibu zetu zina mbegu, na mapishi mengi ya mtandaoni yanayosema "chukua zabibu uiviringishe kwenye jibini" yaliandikwa na watu wenye zabibu zisizo na mbegu. Mgeni aliyevaa suti hapaswi kutafuta pa kutemea. Kata punje kwa urefu, kuanzia kwenye kikonyo, lakini usipite katikati kabisa; sogeza kisu kidogo pembeni. Mbegu zimekaa katikati, kwa hiyo ukikata pembeni zitabaki upande mmoja zikiwa nzima, na ncha ya kisu inazirusha nje kwa mdokoo mmoja. Ukikata katikati, unazikata na mbegu pia, na ladha yake ni chungu. Geuza nusu zote ziangalie chini kwenye tishu, dakika tano. Nusu kilo hainichoshi nikiwa na redio.

Matunda mengine yapite haraka. Embe ni la Novemba hadi Januari. Kwa kazi hii chukua lisiloiva mpaka kulegea. Tikiti maji kata vipande vya ukubwa wa kete kubwa, nyunyiza chumvi kidogo mno, yaache kwenye chujio dakika kumi na tano, kisha yafute. Ndizi, tufaha na parachichi hugeuka weusi. Yapake maji ya ndimu mara tu baada ya kukata.

Nanasi na papai yanastahili onyo. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na papai linacho cha kwake, kikali zaidi likiwa halijaiva. Ukichanganya jibini na nanasi asubuhi ukasubiri jioni, utakuta jibini limelegea na limekuwa chungu, na utalilaumu jibini bure. Dawa yake ni moto: kaanga vipande vya nanasi kwenye kikaango kikavu dakika tatu kila upande mpaka viungue mistari, viache vipoe. Kimeng'enya kinakufa na sukari inakoza. Nanasi la kopo halina shida hiyo kwa sababu limeshapikwa kiwandani. Papai livishwe jibini dakika ya mwisho, mbele ya wageni ikibidi.

Cha kubebea

Mkate wa slesi ulivyo unalowa. Kata kila slesi pande nne, kaushe kwenye kikaango bila mafuta mpaka ugonge na utoe sauti. Bora zaidi ni chapati ya jana: ikate pembetatu ndogo kama unavyokata keki, ikaushe vilevile kwa moto mdogo. Inakuwa ngumu, ina chumvi yake, na ina mafuta yanayozuia maji ya tunda kupenya. Biskuti za chumvi zinafaa kwa mwenye haraka. Zihifadhi zote kwenye chombo kilichofungwa mpaka dakika ya kupanga.

Vitafunio vyenyewe

*Chapati, jibini na zabibu za kikaangoni.* Hiki ndicho ninachokitanguliza kwenye sinia. Chukua vikombe viwili vya nusu za zabibu zilizotolewa mbegu, kijiko kimoja cha chakula cha asali, pilipili manga iliyotwangwa kwa kukwaruza na chembe ya chumvi. Pasha kikaango mpaka kiwe cha moto kweli, mimina zabibu zote mara moja na usizikoroge kwa dakika moja. Zitalia. Zikianza kutoa maji mekundu, tia asali, koroga, ziache dakika tatu hadi nne mpaka maji yawe mazito ya kufunika mgongo wa kijiko na ngozi zianze kujikunja. Epua, zipoe kabisa. Zikiwa na joto zitayeyusha jibini, na tumerudi kwenye maji. Paka pembetatu ya chapati kijiko kimoja cha chai cha jibini la mtindi, bonyeza katikati kwa mgongo wa kijiko upate kishimo, weka nusu tatu za zabibu ndani ya kishimo hicho. Nyunyiza karanga zilizokaangwa na kutwangwa kidogo, zibaki na vipande. Nje ya msimu, tumia zabibu kavu zilizolowekwa kwenye chai ya rangi ya moto kwa robo saa na kukamuliwa.

*Vidonge vya jibini na ufuta.* Kwa jibini la mtindi la saa ishirini na nne. Paka mafuta viganjani, viringisha vidonge vya ukubwa wa zabibu, vigaragaze kwenye ufuta uliokaangwa au karanga za kusaga kwa kinu. Choma kila kimoja kwa kijiti cha meno pamoja na nusu ya zabibu mbichi, zabibu ikiwa chini ili kisimame.

*Tikiti na jibini la ndimu.* Kijiti, kipande cha tikiti, jani la mnanaa, kipande cha jibini lililogandamizwa. Kamulia ndimu ukishayapanga yote. Hiki ni cha mchana wa joto, na hakingojei. Kipange nusu saa kabla, si zaidi.

*Tende zilizojazwa.* Pasua tende upande mmoja, toa kokwa, jaza jibini la kupaka, bonyezea nusu ya korosho juu yake. Kwa futari ni kitu cha kwanza kuisha. Jibini hapa liwe na chumvi ya kutosha, kwa sababu tende ina sukari ya kutosha watu wawili.

*Embe, pilipili na jibini.* Kila mtu aliyesoma shule ya msingi anajua embe na chumvi na pilipili. Kata embe lililoiva nusu vijiti virefu, vinyunyize chumvi na pilipili ya unga, na bakuli la jibini la saa nne liwe katikati kwa kuchovya. Tia kwenye jibini hilo kijiko kimoja cha maji ya ndimu na majani ya kotimiri yaliyokatwakatwa. Watoto wataanza na hili. Usiweke pilipili upande wao.

*Jibini na mchuzi wa ukwaju.* Loweka gramu 100 za ukwaju kwenye kikombe kimoja cha maji ya moto kwa dakika ishirini, ukande kwa vidole, uchuje. Chemsha urojo huo na vijiko vinne vya asali, kipande cha tangawizi na chumvi kidogo mpaka ukichora mstari kwenye kijiko, mstari ubaki. Upoe, umimine juu ya kilima cha jibini kwenye sahani pana, pembeni vipande vya nanasi la kikaangoni na biskuti. Anayependa ubuyu anaweza kukoroga vijiko viwili vya unga wake na asali na maji ya vuguvugu kidogo badala ya ukwaju. Ubuyu hauhitaji kupikwa, na huwa mzito wenyewe ukikaa, kwa hiyo uanze ukiwa mwepesi kuliko unavyotaka.

Wenye desturi ya mvinyo watauliza. Mweupe wa Dodoma wa zabibu ya Chenin Blanc, ukiwa baridi, unakwenda na vyote isipokuwa embe la pilipili. Wasio na desturi hiyo, juisi ya ukwaju isiyo na sukari nyingi.

Kiasi, ratiba na upepo

Kama chakula kinafuata, hesabu vipande vitano kwa mtu. Wageni kumi na wawili ni vipande sitini, na kila kipande kinakula gramu kumi za jibini, yaani gramu 600. Chuja lita mbili za mtindi na utabakiwa na akiba ya kesho. Kama ni vitafunio peke yake, zidisha mara mbili. Usitengeneze aina zote sita. Tatu zinatosha, moja tamu, moja ya chumvi, moja ya kuchovya.

Tuseme wageni wanashuka kwenye treni ya SGR na watafika kwako saa kumi na moja jioni. Mtindi uning'inizwe jana yake usiku, ila wa vidonge uanze jana yake mchana. Asubuhi kaanga karanga na ukaushe chapati. Saa sita mchana osha na kata zabibu, zipike, zipoe. Saa tisa toa jibini kwenye kitambaa, onja chumvi, lirudishe kwenye friji. Saa kumi na nusu anza kupanga, ukianza na tende na vidonge ambavyo havina haraka, tikiti la mwisho. Umeme ukikatika katikati ya siku, usifungue friji. Friji iliyofungwa hulinda baridi kwa saa kadhaa.

Kuna jambo moja la Dodoma ambalo mapishi ya Dar hayakuambii. Kule kitafunio kinalowa. Hapa, hasa Juni hadi Septemba, upepo ni mkavu na jibini lililoachwa wazi linafanya gamba la njano na kupasuka ndani ya robo saa. Na vumbi halihitaji mwaliko. Funika sinia kwa kawa, na juu ya kawa tandika kitambaa chenye unyevu kilichokamuliwa barabara. Kitambaa kisiguse chakula.

Mezani jibini lisizidi saa mbili. Mchana wa Oktoba joto likipita nyuzi 32, saa moja. Ni busara kutoa sinia dogo mara tatu kuliko kubwa mara moja. Kwa watoto wadogo, zabibu ikatwe kwa urefu mara nne, kwa sababu punje nzima inaweza kuwakaba, na wasiofikisha mwaka mmoja wasipewe chochote chenye asali. Mjamzito ale jibini la maziwa yaliyochemshwa tu, na liwe la siku hiyo.

Yale maji ya bakulini

Usiyamwage. Lita moja ya mtindi inakuachia zaidi ya nusu lita ya maji yenye uchachu, na maziwa ya ndimu yanakuachia zaidi ya lita moja na nusu. Yanakaa siku mbili kwenye friji. Yanafaa kupikia uji wa ulezi, kulowekea nyama ya mbuzi kabla ya kuichoma, na zaidi ya yote kukandia chapati: unga unalainika na chapati zinabaki laini mpaka kesho yake. Ila kumbuka kwamba maji ya mtindi yalishatiwa chumvi, kwa hiyo kwenye unga punguza chumvi kwa nusu. Maji ya jibini la ndimu hayana chumvi, lakini yana uchachu. Changanya nusu kwa nusu na maji ya kawaida.